Slaidi ya Nne: Pengo

Slaidi kumi na mbili, dakika kumi na tano,
na mvua ya Trabzon haijui kuhesabu.
Tangu Jumapili inapiga bati la banda la baiskeli
chini ya dirisha letu la bweni,
nami tangu Jumapili nabadilisha rangi ya mstari mmoja:
buluu, kijani, kisha buluu ileile.

Kichwa cha pendekezo kilikula mistari mitatu.
"Punguza," alisema Profesa Sevinç,
kashika kalamu nyekundu kama kisu cha kumenyea viazi.
"Unapima nini? Wapi? Kwa nini?
Ukinijibu kwa pumzi moja, hicho ndicho kichwa."

Napima maji.
Si ya mto, si ya bahari: yale yajifichayo
kati ya punje na punje ya udongo,
yasukumayo taratibu, bila kelele,
hata mlima usahau kujishikilia.
Vihisi tisa, kina cha mita mbili,
mteremko mmoja wa chai juu ya Çayeli, misimu miwili ya mvua.
Bajeti: betri, nyaya, nauli,
na mabomba ya plastiki, ambayo mwenye duka alidhani ni ya choo
akanipunguzia bei.

Slaidi ya nne ndiyo inayonikosesha usingizi.
Pengo.
Jopo lazima lione pengo: waliotangulia wamefika wapi,
wameishia wapi, na mguu wangu utakanyaga wapi.
Nimesoma makala sitini na moja.
Kila mmoja kachimba shimo lake, kafukia, kaondoka
akisema mlangoni, "utafiti zaidi unahitajika,"
kama mgeni anayeaga huku amekaa.

Dilşad, mwenzangu wa chumba, anasomea meno.
Nimemkalisha kitandani awe jopo,
simu mkono huu, mkate wa ufuta mkono ule.
"Pengo," anasema akitafuna, "halikai bure.
Jino likitoka, majirani zake huanza kuegemea,
polepole, kila mmoja analinyemelea.
Usiwaonyeshe shimo. Waonyeshe yanayoegemea."
Kisha: "Dakika kumi na tisa. Umeanguka."

Nilikuwa nimeweka picha.
Nyumba ya shangazi Gülizar, au tuseme paa lake,
limekaa juu ya tope kama kofia iliyodondoka njiani.
Agosti, alfajiri, alikuwa ameinjika birika.
Mazishini kila aliyenishika bega alisema
ameacha pengo,
nami, wa miaka kumi na minne, nikajiuliza
lina upana gani.

Profesa aliitazama picha ile kuliko grafu zangu zote.
"Itoe," akasema. "Watakuhurumia,
na anayekuhurumia hakuulizi maswali magumu.
Wewe unayataka maswali magumu."
Akafunika kalamu. Akaifunua tena.
"Alikuwa nani?"

Nimeitoa.
Saa nane na robo usiku. Dilşad amelala na makombo ya ufuta shingoni.
Mahali pa picha pana ramani sasa:
mistari ya mwinuko, nukta tisa nyekundu.
Nukta ya saba haikuchaguliwa kwa kanuni yoyote ya takwimu,
na kuna atakayeuliza, najua,
yule Daktari Bahtiyar wa safu ya mbele,
asiyecheka hata na kipaza sauti kikikoroma.

Najaribu mbele ya kioo, kwa sauti ya chini:
"Nukta ya saba. Kina, mita mbili.
Udongo, mfinyanzi.
Hapo palikuwa na jiko."

Hapana.

"Hapo mteremko uliwahi kusogea."

Dakika kumi na nne, sekunde hamsini.
Mvua bado.
Nahifadhi faili, nalipa jina "mwisho",
kisha "mwisho kabisa",
kisha naenda jikoni, kwa ncha za vidole,
kuinjika birika.